Ovaholi ya rahisi ya lori: lini inalipa, lini inakula pesa mara mbili

Canter ya mchanga ikianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kila wiki, tajiri hupewa jibu lile lile, awe Mwanakwerekwe, Unguja, au Chake Chake, Pemba: "Tutie ringi na beringi tu, itarudi." Ndiyo ovaholi ya rahisi. Kwa vitendo maana yake ni kwamba hedi (kichwa cha injini) inashushwa, sampu (bakuli la oili la chini) inavuliwa, pistoni zinatolewa huku bloku imo garini, zinatiwa ringi mpya, konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) zinatiwa beringi mpya za standadi, yaani saizi ya kiwandani, valvu zinasagwa kwa mkono, kisha gasketi mpya na kufunga. Siku tatu au nne, basi. Silinda hazichongwi, krenki haisagwi, na mara nyingi hakuna kinachopimwa.

Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Zipo injini zinazoifaa khasa, zikafanyiwa na zikaenda miaka. Tabu ni kuwa inafanywa kwa injini yoyote inayotoa moshi, hata ile ambayo silinda zake zimeshakuwa mayai, au ile ambayo kosa lake liko kwenye nozeli zinazopulizia dizeli, na ringi hazina hatia. Kinachoamua ni vipimo, na vipimo vyenyewe ni rahisi kuliko ringi. Vingi vinafanyika kabla hata nati moja ya hedi haijalegezwa.

Maelezo haya ni ya dizeli za silinda nne zenye pampu ya kimakanika, ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu: 4D31, 4D32, 4D33 na 4D35 za Mitsubishi Canter, 4HF1 na 4HG1 za Isuzu, 14B na 15B za Toyota Dyna. Injini mpya zenye sindano za umeme na reli moja ya mafuta zina masharti mengine. Humo usilegeze bomba la nozeli injini ikiwa inazunguka, kwani presha yake inapasua ngozi.

Kabla ya kufungua

Anza na moshi, lakini usiishie hapo. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo: filta ya hewa imeziba, pampu imefunguliwa zaidi ya kiasi ili gari "iwe na nguvu", au nozeli inachuruzika. Mweupe unaouma macho asubuhi ni dizeli isiyoungua, na mweupe unaoendelea injini ikishapata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, ni maji. Lori linalotoa moshi mweusi tu halihitaji ringi. Linahitaji filta na mtu mwenye mashine ya kupimia nozeli.

Oili inayoliwa ipimwe kwa chupa. Jaza mpaka alama ya juu ya dipstiki gari ikiwa mahali tambarare, andika kilomita, na kila unapoongeza andika kiasi. Injini kongwe inayokula lita moja kwa kilomita 1,000 bado inafanya kazi yake. Ikifika lita moja kwa kilomita 200 au 300, ndipo mazungumzo ya ringi yaanze. Kabla ya hapo angalia chini ya gari: sili ya nyuma ya krenki, ubavu wa sampu, mrija wa turbo kama ipo. Oili iliyomwagika njiani haikupita kwenye ringi. Ikiwa moshi wa buluu unatoka kwa nguvu pale tu unapoondoa mguu kwenye mafuta, ukashuka mlima kisha ukakanyaga tena, shuku kwanza sili na gaidi (mirija inayoongoza) za valvu. Barabara ya Mkoani hadi Chake ina vilima vya kutosha kwa jaribio hili.

Kisha kipimo cha mfuniko. Injini ikiwa moto na inazunguka polepole, fungua mfuniko wa kutilia oili uuweke juu ya tundu lake, juu chini. Ukitikisika kidogo, upepo unaopita ringi si mwingi. Ukirushwa, na mvuke ukatoka kama bomba la treni, gesi inapita. Bado hujui ni silinda moja au zote nne, na jibu la swali hilo ndilo linalobadilisha bei.

Hapo ndipo kipimo cha kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kinapohitajika. Betri iwe imejaa na stata nzima, kwani mzunguko wa kivivu hushusha usomaji wa silinda zote kwa pamoja na kukudanganya. Pasha injini, kata dizeli, toa nozeli zote, funga geji ya dizeli (ya petroli itapasuka) kwenye tundu la nozeli, piga stata mpaka mshale usimame. Injini za namna hii zikiwa nzima husoma kiasi cha kilo 25 hadi 30 kwa sentimita mraba. Karibu na 20 ndio mwisho wa uzima. Tofauti baina ya silinda ya juu na ya chini isizidi kilo 3 au 4. Silinda zote nne zikiwa 19, injini imechakaa kwa umri. Tatu zikiwa 26 na moja 15, kuna kitu kimoja kimevunjika, kimeungua au kimeganda, na kufungua yote kwa ajili ya hicho kimoja ni jambo la kufikiri mara mbili.

Fundi akitaka kumimina oili kwenye silinda ili apime tena, mzuie. Ujanja huo ni wa petroli. Silinda moja ya 4D33 ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,050 hivi, na pistoni ikiwa juu kabisa nafasi inayobaki ni kama 64 tu. Kijiko kimoja cha chakula ni 15. Umeshapunguza nafasi kwa karibu robo, kwa hiyo mshale utapanda hata kama ringi hazimo. Ukimimina zaidi, unaweza kupinda konrodi.

Badala yake tumia upepo. Kompresha ya mtu wa kuziba pancha inatosha, pamoja na mwili wa nozeli mbovu uliochomelewa nipo ya hewa. Sogeza silinda unayopima ifike juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, ingiza gia ya juu, funga breki ya mkono na weka gogo kwenye tairi, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha injini na spana ikiwa kwenye puli itavunja mkono. Tia hewa, kisha sikiliza. Ikifoka kwenye tundu la oili, ringi au silinda. Ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea. Kwenye bomba la filta ya hewa, valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa wa hedi. Dakika ishirini hizi huokoa pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa hapa: injini inayovuja kwenye valvu tu inahitaji hedi ishushwe na irekebishwe, bila kugusa pistoni.

Mlio nao una njia yake. Injini ikiwa inagonga, legeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya moja, ukiwa umefunika kwa kitambaa kinene na umevaa miwani. Mlio ukipotea unapoikata silinda ya tatu, kosa liko silinda ya tatu, lakini bado inaweza kuwa beringi, pini ya pistoni, au nozeli yenyewe inayopiga mafuta kabla ya wakati. Hamisha nozeli ya tatu uiweke ya kwanza. Mlio ukihama nayo, umenusurika: ni nozeli. Ukibaki pale pale, zima na usiliendeshe lori hata kulipeleka gereji. Livutwe. Beringi iliyokwisha husaga krenki kwa dakika, na krenki iliyosagika ndiyo inayoifanya kazi ya rahisi isiwezekane tena.

Presha ya oili usiisome kwenye taa ya dashibodi. Taa hiyo huwaka injini ikiwa imeshafika kaburini. Toa swichi yake, funga geji ya mkono, endesha mpaka injini iwe moto kweli. Kanuni ya gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ikiwa kwenye mzunguko wa chini mshale umelala chini ya psi 10 ingawa oili ni 15W-40 na kiwango kimefika, beringi au pampu ya oili imekwisha, na ringi peke yake hazitasaidia.

Mwisho, mwaga oili, fungua filta kwa kisu cha bati (si msumeno, unaleta chenga zake) na utandaze karatasi yake juani. Chenga za rangi ya shaba ni beringi zilizofika mfupa. Zinazonaswa na sumaku ni ringi, laina (ganda la ndani la silinda) au gia. Za fedha zisizonaswa ni pistoni. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka dizeli inatokana na nozeli au pampu, na huenda hiyo ndiyo iliyoosha silinda zikachakaa. Oili kama chai ya maziwa ni maji. Na ukikuta oili imeelea kwenye rejeta ilhali oili ya sampu ni safi, angalia kwanza kipoza oili kilicho ubavuni mwa bloku. Hedi ngapi zimeshushwa bure kwa sababu ya kipoza hicho!

Kufungua kwa makubaliano

Vipimo vikionyesha ringi, sasa fungueni, lakini mapatano yawe mawili mbalimbali: bei ya kufungua, kuosha na kupima, kisha, baada ya kuona, bei ya kazi. Ukikubali bei moja ya jumla, fundi naye hana sababu ya kukuambia kuwa krenki imekwisha, maana itamchelewesha. Usinunue ringi wala beringi kabla ya siku hii. Wengi hununua Gerezani, Dar, wanavuka nazo, ndipo wanapogundua saizi siyo.

Vifaa vinavyohitajika ni fila geji (visahani vya kupimia mapengo), maikromita ya milimita 50 hadi 75, rula nyoofu ya chuma, na plastigeji (uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi) kama inapatikana. Geji ya ndani ya silinda ni nzuri, lakini hata bila hiyo silinda inapimika kwa ringi. Chukua ringi moja ya juu, hata kuukuu, iweke ndani ya silinda chini kabisa ambako ringi hazifiki, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, pima pengo la ncha zake. Kisha iweke juu, sentimita moja hivi chini ya ukingo ambapo ringi ya kwanza husimama, upime tena. Toa dogo kutoka kubwa, gawa kwa 3.14. Pengo likiwa milimita 0.50 chini na 1.30 juu, tofauti ni 0.80, na silinda imepanuka kwa milimita 0.25. Kwa injini nyingi za namna hii, 0.20 hadi 0.25 ndio mpaka. Chini ya 0.10, silinda yako inafaa ringi mpya. Baina ya 0.10 na 0.20 utapata muda, si mwingi. Juu ya hapo, ringi mpya zitakuwa zinajibana na kujitanua kila pistoni inapopanda na kushuka, na zitakwisha kabla ya msimu kwisha.

Pitisha ukucha juu ya silinda. Kuna ngazi? Ngazi hiyo ni mahali ambapo ringi kuukuu haikufika. Ringi mpya ina pembe kali na hukaa juu kidogo kuliko ile iliyolika, kwa hiyo huigonga ngazi na kuvunjika, yenyewe au ukuta wa pistoni ulio chini yake. Injini iliyofungwa Jumamosi ikarudi Jumatano na mlio mpya mara nyingi ni hii. Ngazi ndogo huondolewa kwa kifaa chake. Ngazi inayonasa ukucha imara inadai laina mpya au kuchonga.

Pistoni nazo: safisha mfereji wa ringi ya juu kwa kipande cha ringi iliyovunjika, tia ringi mpya, pima nafasi ya pembeni. Ringi ya juu ya dizeli nyingi ina umbo la kabari, hivyo isukume ndani iwe sawa na ukuta wa pistoni ndipo fila geji iseme kweli. Ikipita 0.20, pistoni imekwisha hata kama ubavu wake unang'aa. Itapiga ringi kama nyundo.

Kwenye krenki, kabla ya maikromita, geuza beringi kuukuu usome mgongo wake. Imeandikwa STD (standadi), 025 au 050 (ya krenki iliyosagwa milimita 0.25 au 0.50)? Lori lililonunuliwa mtumba huenda limeshasagwa krenki mara moja huko lilikotoka, na aliyetia standadi juu ya krenki ya 025 amefunga injini iliyokwisha tayari. Kisha pima kila jonali (shingo ya krenki inayokaa kwenye beringi) kwa pande mbili zinazokatana, mbele na nyuma. Tofauti ikizidi 0.05, jonali ni yai na inasagwa. Mikwaruzo inayonasa ukucha, inasagwa. Ikiwa beringi zimelika sawasawa, zina rangi ya kijivu na jonali ni laini, beringi mpya za saizi ile ile ni kazi halali kabisa. Rangi ya buluu kwenye jonali ni moto uliopita: krenki hiyo ipimwe ufa au iachwe.

Hedi iwekewe rula kwa urefu na kwa mshazari. Mpya huwa chini ya 0.05, mpaka ni 0.20. Kupiga plena, yaani kuuchonga uso wake uwe bapa, kunaruhusiwa kwa kiasi, lakini kila kinachokatwa kinazamisha valvu karibu na pistoni, na kwenye baadhi ya injini unene wa gasketi huchaguliwa kwa kupima kiasi pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Muulize muuza spea gasketi yako ni ya daraja gani. Akikutazama tu, nenda duka jingine.

Kwa hiyo kazi ya rahisi inakubalika pale silinda ziko chini ya 0.10 au zaidi kidogo, hakuna ngazi, mifereji ya pistoni ni mizima, krenki ni mviringo, na sababu ya uchakavu imejulikana na itaondolewa. Masharti haya yote kwa pamoja. Moja likikosekana, unachonunua ni muda tu, na muda una bei yake.

Hesabu yenyewe

Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme ukitoa mafuta na dereva, lori linakuachia hesabu ya shilingi 60,000 kwa siku. Ringi, beringi, gasketi, oili na fundi ni 2,000,000, na siku tano za kulala ni 300,000. Jumla 2,300,000. Kazi kamili yenye laina, pistoni, kusaga krenki, hedi mashineni na nozeli ni 5,500,000, na siku ishirini za kulala ni 1,200,000. Jumla 6,700,000. Kazi kamili ikienda miezi 48, kila mwezi umekugharimu 140,000 hivi. Ya rahisi ikienda miezi 24, ni kama 96,000, na umefanya vizuri. Ikifa mwezi wa tano, ni 460,000 kwa mwezi, na bado krenki iliyoharibika haijahesabiwa. Gawa 2,300,000 kwa 140,000: unapata miezi 16 na nusu. Swali la kumuuliza fundi, mbele ya vipimo vyake, ni moja: injini hii itafika miezi 17? Asiwe na haraka ya kujibu.

Aliyeko Pemba aongeze siku za boti. Krenki ikibidi kuvuka kwenda kusagwa Unguja au Dar, siku ishirini huwa thelathini kwa urahisi. Ndiyo maana anayetegemea msimu wa karafuu hupima injini miezi miwili kabla, asingoje siku ya magunia.

Lipo na jambo la chasisi. Hewa ya bahari na mchanga wenye chumvi vinakula vyuma vyetu. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia nyuma ya kabini mpaka kwenye springi za nyuma. Mahali panapolia kama debe panakwenda. Lori ambalo chasisi yake imebakiwa na miaka miwili halistahili injini ya kwenda miaka mitano, na hapo ringi na beringi, hata katika silinda ya 0.15, ni uamuzi wa busara.

Injini ya mtumba

Njia ya tatu ni kununua injini nzima iliyotoka Japani au Dubai. Wakati mwingine inashinda zote mbili, lakini nayo haijulikani historia yake mpaka upime. Izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa soketi kwenye puli ya krenki: iwe nzito sawasawa, isiwe na mahali inapokwama. Tazama chini ya mfuniko wa oili kama kuna uji mweusi, na ndani ya matundu ya ekzosi kama kuna kutu, maana injini zinazosafiri majini bila kuzibwa huota kutu kwenye silinda moja au mbili ambazo valvu zilibaki wazi. Fungua sampu utoe kofia moja ya konrodi. Muuzaji asiyekubali sampu ifunguliwe amekwishakujibu. Funga stata, pima kompresheni pale pale chini. Linganisha sampu, mikono ya kushikia injini na nyumba ya klachi na vyako, kwani 4D33 mbili zinaweza kutofautiana hapo. Namba ya injini iwe safi, haikusuguliwa, na risiti iwepo, kwa sababu kadi ya gari itabidi ibadilishwe. Kabla ya kuipandisha garini tia sili mpya ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na thamostati, kwani baadaye kuzifikia ni kazi.

Ukiamua kutia ringi

Bana bei popote lakini si kwenye sehemu iliyoiua injini. Vumbi la kokoto linaloingia kupitia mpira uliopasuka baina ya filta ya hewa na injini huzimaliza ringi mpya kama lilivyozimaliza za zamani. Pitisha kidole ndani ya mpira huo, baada ya filta: ukitoka na vumbi, umempata mwuaji. Rejeta ifunguliwe na kusuguliwa. Maji ya visima vingi vya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Kwenye rejeta hugeuka magamba. Kinga maji ya mvua ya kwenye bati, si ya mvua ya kwanza inayoosha paa, changanya na kulanti (dawa ya rejeta). Thamostati irudishwe. Desturi ya kuitoa "kwa sababu kwetu joto" inaiacha injini ifanye kazi ikiwa baridi, dizeli isiungue vizuri na silinda zilike upesi.

Silinda isuguliwe kwa mawe ya honi, mistari ikatane kama msalaba wa digrii 45 hadi 60. Msasa uliozungushwa kwa mkono unachora mistari ya mlalo, nayo haishiki oili inavyotakiwa. Baada ya hapo osha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Dizeli na petroli haviondoi unga wa jiwe, vinausukuma ndani ya chuma. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe. Bloku ikiwa bado garini, ziba jonali za krenki na matundu ya oili kwanza, kwani unga huo ukidondokea humo utasaga beringi mpya wiki ya kwanza. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kazi inayofanywa injini ikiwa juu ya chasisi, na haina dawa nyingine isipokuwa subira.

Pengo la kila ringi lipimwe ndani ya silinda yake, wastani 0.3 hadi 0.5 kwa silinda ya milimita 100 na kidogo. Kofia za konrodi zina namba, kila moja irudi kwa mwenzake na upande wake. Nati zikazwe kwa spana ya torki kwa tarakimu za kitabu cha injini hiyo. "Mkono wangu unajua" si kipimo. Tapeti (nafasi ya valvu) za 4D33 na 4HF1 ni 0.40 injini ikiwa baridi. Nozeli zote nne zipelekwe mashineni siku ile ile, hata kama "zilikuwa nzuri".

Kabla ya kuwasha, kata dizeli upige stata kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka geji ya oili ipande. Ikiwaka, iache mizunguko 1,000 hadi 1,500 dakika kumi na tano ukitafuta uvujaji, kisha itoke ikafanye kazi. Kuiacha iungurume mahali pamoja saa nzima ni kosa: ringi husukumwa kwenye ukuta na presha ya moto, na bila mzigo silinda hung'aa kama kioo na oili inapita tena. Beba nusu ya mzigo kwa kilomita 500 za mwanzo, badilisha mwendo, panda milima kwa gia inayostahili, usivute gia ya juu injini ikilia. Kisha badilisha oili na filta, rudia tapeti, na kama gasketi ni ya aina inayotaka kukazwa tena, kaza.

Ringi na beringi kuukuu zichukue nyumbani kwenye mfuko, zimeandikwa namba za silinda zake. Ikifika kilomita 3,000 na chupa ya oili inasema kiasi kile kile cha zamani, rudi na mfuko huo gereji, pima kompresheni tena, na muanzie kwenye silinda yenye tofauti.